Zamu ya Julie

"Maman, Julie iko jina ya kizamani."

Mwanangu ndiye aliyeniambia hivyo. Hilaire, mtoto niliyemzaa mwenyewe, niliyemlisha kwa kuuza samaki wa moshi mpaka akaota ndevu. Alisimama mlangoni pa maternité, chumba cha wazazi, simu mkononi, na aliyasema hayo bila kunitazama usoni. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nafika, mzigo kichwani: beseni jipya, na ndani yake vikwembe viwili vipya vya kitenge, sabuni, mafuta ya mtoto, na kofia ya sufu niliyoifuma kwa macho haya yasiyoona tena tundu la sindano. Mzigo wenyewe sikuwa hata nimeutua.

Niacheni niseme vizuri, maana watu wamekwisha kuigeuza hii habari sokoni na kunifanya mimi mchawi. Kwetu Kisangani mtoto aliyepewa jina lako ni ndoyi wako. Si mchezo. Nguo ya kwanza unamvisha wewe. Beseni la kuogea unaleta wewe. Mpaka unakufa, mtu hamchapi mtoto yule bila kukuangalia uso wewe kwanza. Na binti wa kwanza nyumbani anabeba jina la mama wa baba yake. Hiyo ndiyo zamu. Mimi zamu ya kutoa niliitoa: kabla ya Hilaire nilizaa binti, nikampa jina la mama mkwe wangu, na sikufungua mdomo kulalamika. Mungu alimchukua siku za mabomu, Hilaire akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Tangu hapo nina huyu Hilaire peke yake.

Hilaire akaoa Benie. Wakazaa mvulana, wakampa jina la Papa Timothée, baba wa Benie. Nikanyamaza. Wakazaa mvulana mwingine, wakampa jina la mchungaji wao. La mchungaji! Mtu ambaye ukimtembelea hakupi hata maji ya kunywa. Nikanyamaza tena, na wanaonijua wanajua kwamba kunyamaza kunaniumiza tumbo. Sasa amekuja binti, na daktari amempasua Benie, amemshona, amesema: hapa basi, mimba nyingine itamuua. Donc ni huyu au hakuna. Huyu asipokuwa Julie, siku nikifa ninaingia na jina langu kaburini.

"Kizamani namna gani?" nikamwuliza Hilaire.

"Maman, usikasirike. Watoto ya sasa wanaitwa Plamedi, wanaitwa Merveille. Mutoto wa kuitwa Julie, ku masomo watamucheka. Watamuita koko."

Koko, yaani bibi. Kichanga hata kitovu hakijakauka, tayari koko!

"Na nyinyi mumemupa jina gani?"

"Océane."

"Iko nini, Océane?"

"Bahari, maman."

Hapo ndipo damu ilipochemka. "Bahari! Wewe bahari uliiona wapi? Babu yako alizaliwa Yanonge, alivua mu huu mto. Mto ulikulisha, mto ulikusomesha, mto ulikuolea muke, na leo mutoto yako anaitwa bahari? Bahari ilikuletea hata samaki moja?"

Wanawake wengine waliolala pale na vichanga vyao wakacheka, mmoja akajishika mshono kwa maumivu huku anacheka. Benie hakucheka. Alivuta kikwembe mpaka puani, akageukia ukutani. Nikajua: mdomo ni wa mume, maneno ni ya mke.

Na mimi niliyekuwa nikimsifu kwa watu! Benie, pamoja na upole wake wa kuchosha, alikuwa na jambo moja zuri: tangu aolewe hajawahi kutia jina langu mdomoni. Kwetu mama mkwe haitwi jina. Unasema maman, unasema bokilo, yaani mkwe, basi. Hata jirani akiwa na jina hilohilo unalizunguka. Karibu na kwao kuna Julie mmoja anayeuza pondu, mboga ya majani ya muhogo; Benie anamwita Mama ya Pondu. Nilikuwa nikiwaambia watu, yule binti amelelewa. Kumbe ni heshima ya mdomoni tu.

"Mwenye bahari aivishe bahari yake," nikasema, nikatoka na mzigo wangu kichwani kama nilivyoingia. Mtoto sikumwangalia. Niliogopa nikimwangalia nitampenda, na hasira yangu nilikuwa bado naihitaji.

Kesho yake sokoni nilikuwa napanga samaki kwa kuwapiga juu ya meza. Simone, jirani yangu wa meza, anayeuza makayabu, samaki wa chumvi, akauliza, "Hao samaki walikukosea nini?"

Nikamweleza yote. Nilidhani atakasirika pamoja nami, maana tumezeeka pamoja pale. Simone akaanza kucheka.

"Bon, Julie, tuseme kweli. Wewe Julie, mimi Simone. Mutoto gani leo unasikia anaitwa Simone? Wakati mama zetu wanazaa, haya majina yalikuwa ya moto. Padri alibatiza Majulie mpaka akachoka mukono. Sasa yamepoa."

"Ya kwako imepoa. Ya kwangu hapana."

"Yote imepoa."

"Simone, usinichokoze! Wakati wa Zaïre serikali ilikataza haya majina ya Kizungu, ukasahau? Shuleni niliitwa jina la babu, nyumbani mama aliniita Julie kwa kunong'ona sawa mutu anaficha nyama. Serikali nzima ilishindwa kuiua hii jina. Halafu Hilaire aje kuiua, amesimama mlangoni na téléphone?"

"Aka! Tupime basi," Simone akasema. "Panda hapo juu, ita Julie kwa nguvu yako yote. Kama hata musichana mmoja atageuka, mwenye meno yake yote, nitakupikia lituma ya ndizi za kuponda na samaki, nitakulisha na mukono yangu."

Mimi mtu akinichokoza sirudi nyuma. Nilipanda juu ya kasha la samaki, nikajaza kifua, nikaita, "Julieeee!"

Eh, waligeuka! Akageuka Julie wa ndizi, aliyekwisha kupoteza meno ya mbele. Akageuka Julie mjane wa fundi cherehani, na fimbo yake. Julie mnene wa mafuta ya mawese akaitika kabla hata sijamaliza, kwa sababu yeye akisikia jina lake anafikiri ni mteja. Mwanamke mmoja wa Lubunga, aliyekuja kununua tu, akaweka kiganja nyuma ya sikio na kuuliza nani anamtaka. Mvi tupu. Kisha kule mwisho, penye wauza viatu, msichana wa suruali akageuka pia, kijana kabisa, na roho yangu ikaruka.

"Wewe! Unaitwa Julie?" nikampigia kelele.

"Hapana, maman," akajibu. "Nilitaka tu kuona nani anapiga kelele hivi."

Simone alicheka mpaka akakaa chini. Majulie wote wakaja mezani kwangu kuuliza kuna nini, nani amekufa. Nilipowaeleza, wakaanza kugombana wao kwa wao. Wa mawese alisema mkwe wa namna hiyo arudishwe kwao na sufuria zake. Wa ndizi akasema yeye ana wajukuu wa kumwaga, hakuna hata mmoja aliyebeba Julie, na bado anakula na kulala vizuri. "Hata mimi mwenyewe nimeichoka hii jina," akasema. "Kila nikiisikia naona mama yangu ananituma maji."

Nilimfukuza pale mezani. Neno lake nilikwenda nalo nyumbani, nikarudi nalo sokoni, siku hiyo na siku zilizofuata. Wateja walikuja, nikawajibu vibaya, wakaenda kununua kwa wengine. Simone alinipikia lituma ingawa nilishindwa, nami nikaila nimekasirika.

Jumapili mtoto alikuwa apelekwe kanisani kwao, mchungaji amwinue juu na kulitaja jina lake kwenye mikrofoni. Jina likishatajwa vile halirudi nyuma. Kwa hiyo Jumamosi nikafunga meza mapema, nikachukua pikipiki mpaka kwao Mangobo. Nilibeba beseni langu na vitu vyote ndani. Si kwa kutoa. Nilitaka Benie aone kwa macho yake kitu anachokikosa.

Hilaire alikuwa kazini. Benie nilimkuta uani, kwenye kiti kifupi, anachambua mchele, bado anakaa upandeupande kwa ajili ya mshono. Mtoto alilala kando yake mkekani, chini ya chandarua kidogo. Benie aliponiona aliinuka kwa taabu.

"Karibu, maman. Ikala ku kiti."

"Siikali." Nikaweka beseni chini katikati yetu. "Hilaire alisema jina yangu iko ya kizamani. Hilaire hata shati yake hajui kuchagua, kwa hiyo najua hayakuwa maneno yake. Leo utasema wewe. Niangalie mu macho, useme: Julie iko jina ya kizamani. Ukishasema, mi ninaenda, na hii habari sitaigusa tena."

Benie akafungua mdomo. Akaufunga.

"Sema!"

"Maman, siwezi."

"Ulisema kwa bwana yako, kwangu unashindwa?"

"Sikusema vile, maman. Ile ya kizamani Hilaire njo aliitafuta. Alisema itakuumiza kidogo kuliko ile ya kweli."

"Kweli gani? Kwamba unanichukia? Sema basi! Leo nimekuja na masikio yote."

Benie akaanza kulia, lakini safari hii hakugeukia ukuta wowote. Aliniangalia usoni, na hilo lilinishangaza, maana sikuwahi kuona macho yake vizuri tangu aolewe.

"Maman, hata sasa unaniamuru niseme, na mudomo inakatala. Ile jina haipiti mu mudomo yangu, sababu iko yako. Sasa mutoto nitamuitaje? Akianguka nitaita nini? Akikimbilia barabarani, pikipiki inakuja, nitaita nini? Mi njo nilimubeba, walinipasua kwa ajili yake, na nyuma yake hakuna mwingine. Halafu mpaka ninakufa ninamuita 'we', ninamuita 'ndoyi', ninamuita 'mama'. Nataka kuita mutoto yangu, maman. Ni ile tu."

Nilikuwa na jibu. Mimi sijawahi kukosa jibu. Jibu langu lilikuwa hili: sisi wote tumeishi hivyo, wewe ni nani? Binti wangu mimi nilimwita Mama tangu siku ya kwanza, na hakuna kilichotokea.

Nilifika kwenye yale maneno ya mwisho, nikashindwa kuyasema. Nikakaa chini, kwenye udongo uleule, na nguo yangu nzuri.

Siku ya bomu la kwanza tulitoka nyumbani na kile tulichoweza kubeba. Mama mkwe wangu alikuwa mbele na godoro kichwani. Mimi nilikuwa na Hilaire mgongoni na binti yangu ameshika kikwembe changu kwa nyuma. Njia ilijaa watu, wengine wanakwenda, wengine wanarudi, vumbi na moshi, hujui nani yuko wapi. Kisha kikwembe changu kikawa chepesi. Nikageuka, binti hayupo. Nikaita. Niliita kwa nguvu kuliko nilivyoita siku ile juu ya kasha la samaki, na niliita lile nililomzoeza: "Mama! Mama!"

Barabara nzima ilikuwa inaita mama. Watoto waliita mama, wazee waliita mama, askari aliyeumia pembeni ya mtaro alikuwa anaita mama. Wanawake wote walionizunguka waligeuka kuniangalia. Binti yangu tu ndiye hakugeuka. Angejuaje kwamba ni yeye? Jina lake lenyewe nilikuwa nalo hapa, kwenye ncha ya ulimi, jina ambalo hakuna mtu mwingine njiani pale aliyekuwa akiliita. Na mbele yangu lilikuwa lile godoro, na mwenye jina chini yake, na ulimi wangu haukuinuka. Tulimpata baadaye, kando ya ukuta ulioanguka. Siku ya kumzika, katekista ndiye aliyelitamka jina lake. Si mimi.

Yote haya nilimwambia Benie pale chini. Hilaire mwenyewe hayajui. Anajua tu kwamba alikuwa na dada.

Benie alikuwa ameacha kulia. "Aliitwa nani, maman?" akauliza.

Mama mkwe wangu alikufa zamani, amezikwa Isangi, na hata hivyo niliangalia nyuma yangu kwanza kama mwizi.

"Émilie," nikasema.

Lilitoka dogo. Hakuna kilichotokea. Hakuna aliyenigombeza, ukuta haukuanguka, kuku waliendelea kudonoa punje za mchele. Ndiyo hiyo tu? Pumzi moja tu? Hasira ikanipanda upya, na sasa haikuwa ya Benie. Ilikuwa ya yule aliyekuwa mbele yangu na godoro lake. Alinisikia naita mama, mama, kama mwendawazimu. Angeweza kugeuka akasema, mwite, mwite jina lake, nimekuruhusu. Hakusema. Aliendelea kutembea. Na mimi nimepanda pikipiki kuja Mangobo, na beseni, na vikwembe, na kofia ya sufu, kudai zamu yangu ya kuwa yeye.

Nikajifuta pua kwa kikwembe.

"Bon," nikasema. "Julie iko jina ya kizamani. Nimesema mimi mwenyewe, mutu mwingine asirudilie. Nitabaki nayo, mimi na wale wazee wenzangu wa soko."

"Maman..."

"Nyamaza. Huyu mutoto anaitwa nani?"

"Océane," Benie akasema, kwa sauti ya mtu aliye kanisani.

"Jina mbaya. Mbaya kabisa. Na sikusikia. Ita."

"Océane."

"Si vile! Ita sawa mutu anatafuta mutoto yake mu watu wengi!"

Benie akaniangalia kama mtu anayejiuliza akimbie au abaki. Kisha akasimama. Akajishika mshono kwa mkono mmoja, akajaza kifua, na yule binti mpole ambaye sijawahi kumsikia akizidi kunong'ona akaliita jina la mtoto wake mpaka kuku wakatawanyika na jirani akachungulia juu ya ukuta. Mtoto alishtuka mkekani, mikono yote juu, akaanza kulia kwa nguvu zake zote.

Benie akainama haraka kumchukua, huku anaomba radhi kwa mtoto, kwangu, na kwa jirani.

"Muache kwanza alie," nikamwambia. "Amesikia."